NYOTA YA PEMBE NANE: NAKSHI ZA LAMU ZINA SIRI GANI?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, makala haya nayaanza kwa kukiri kosa. Nakuomba univumilie mpaka mwisho ujue kwa nini nimeamua kulikiri mbele ya watu.

Ramadhani moja nilikuwa nimerudi Lamu kutoka chuo kikuu. Pale madrasa niliposomea utotoni nikaombwa nitoe darasa fupi kwa wadogo zetu baada ya swala ya alasiri. Nikachagua mada niliyoiona tamu: siri ya maumbo katika nakshi za Kiislamu. Nilikuwa nimesoma mengi kwenye intaneti kuhusu kile wanachokiita jiometri takatifu, kwamba duara ni mbingu, mraba ni ardhi, pembetatu ni hiki na nyota ni kile. Basi nikawaongoza watoto mpaka kwenye mlango mmoja mtaani, nikawaonyesha nyota ya pembe nane iliyochongwa kwenye mfaa, ule ubao wa katikati unaokutanisha mbao mbili za mlango. Nikawaambia kwa sauti ya mwanachuoni: "Mnaona? Pembe nane ni milango minane ya Pepo. Mafundi wetu wa zamani waliificha siri hii hapa."

Watoto wakafurahi. Kisha binti mmoja mdogo, sidhani kama amefika miaka kumi, akauliza: "Mwalimu, na lile ua lenye majani sita pale juu, ni milango gani?" Nikababaika kidogo. Nikasema sita ni siku sita za kuumbwa mbingu na ardhi. "Na hii yenye kumi na mbili?" Miezi ya mwaka, nikajibu. Kila namba nikaipatia jibu lake, na wallahi hakuna hata jibu moja nililokuwa na uhakika nalo.

Mzee mmoja alikuwa ameketi barazani akisikiliza, tasbihi mkononi. Watoto walipoondoka akaniita. Ni fundi wa nakshi, kazi aliyorithi kwa baba yake, na ameniomba nisimtaje jina. "Kijana changu," akaniambia kwa upole, "nyota ile ni mimi niloikata, mlango ulipofanywa upya. Mbona hukuniuza?" Yaani, mbona hukuniuliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Swaumu yangu nilikuwa nimeihifadhi na chakula na maji, lakini ulimi wangu ulikuwa umetoka kusema juu ya dini kitu nisichokijua, mbele ya watoto, tena kwenye kumi la kwanza la mwezi mtukufu.

FUNDI NA BIKARI YAKE

Usiku wa pili baada ya tarawehe nilimfuata karakana kwake. Nikamuuliza, safari hii kwa adabu: babu, kwa nini nane?

Akacheka. Akasema mfaa ule ulikuwa na upana fulani, na nyota ya nane ndiyo iliyokaa vizuri kwenye upana ule. Baba yake naye alimfundisha hivyo hivyo. Milango minane ya Pepo anaijua na anaiamini, kwa sababu hadithi yake ni sahihi, na mmoja katika hiyo unaitwa Rayyan na watapita hapo waliokuwa wakifunga. Lakini hakuifikiria hata kidogo siku aliyoshika patasi.

Kisha akanikalisha kitako, akanipa kipande cha ubao wa mbambakofi na bikari ya chuma iliyochakaa. Akaniambia nitie nukta katikati, nizungushe duara. Halafu, bila kuipanua wala kuibana bikari, niweke ncha juu ya ule mzingo na nikate alama, nihamie kwenye alama hiyo nikate nyingine, hivyo hivyo mpaka nirudi nilipoanzia. Hebu jaribu na wewe nyumbani. Utakuta umehesabu hatua sita kamili, isizidi wala isipungue. Ukizungusha duara kwenye kila alama, lile ua la majani sita linajitokeza lenyewe katikati.

"Huyo mtoto alikuuliza sita ni nini," mzee akasema. "Sita ni hiyo. Mimi sikuichagua. Nimeikuta ndani ya duara."

Nyota ya nane ina njia yake. Unachora mraba, kisha unachora mraba mwingine wa kipimo kile kile juu yake, umeuzungusha nusu ya pembe ya mraba. Pembe nne na pembe nne, nyota imekamilika. Hakuna uchawi hapo, hakuna siri. Kuna kipimo.

Lakini mzee hakuishia hapo, na maneno yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Alisema: "Wataka maana? Maana ni kila pembe iwe sawa na mwenziwe. Nikikosa moja huko yuu karibu na dari, mwenye nyumba hatajua. Wapita ndia hawatajua. Mimi nitajua, na Aliye yuu Yuwajua."

Ndugu msomaji, hebu yarudie maneno hayo, kisha uyaweke karibu na swaumu yako. Ukiingia chumbani peke yako saa nane ya mchana, jua kali, mtungi wa maji baridi mbele yako, ni nani atakayejua ukinywa? Hakuna. Ila unajua wewe na anajua Mola wako. Hii ndiyo ihsani ambayo Jibril (a.s.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) katika ile hadithi mashuhuri: kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na kama humwoni, basi Yeye anakuona. Fundi wetu hakunipa tafsiri ya nyota. Alinipa hali ya mtu anayeikata.

TANGU SHANGA MPAKA LEO

Sasa tuangalie historia, kwa sababu haya mambo ya maumbo hapa kwetu si ya jana.

Katika kisiwa cha Pate kuna magofu ya mji wa Shanga. Miaka ya 1980 mtaalamu wa mambo ya kale, Mark Horton, alichimba pale na wenzake. Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa walikuta mabaki ya msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mmoja juu ya mwenziwe. Ile ya chini kabisa ilikuwa midogo, ya miti na udongo, na ya kwanza yake ni ya karne ya 8. Yaani watu wa visiwa hivi walikuwa wakisujudu hapo zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Hawakuwa na mihrabu ya matumbawe wala nakshi. Umbo lao la kwanza lilikuwa chumba kidogo cha pembe nne, mahali pa kupanga safu. Hilo ulishike, nitalirudia.

Baadaye ndipo mapambo yakaja. Kule Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Kule Kilwa, katika kasri la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na huenda macho yake yaliyaona majengo hayo. Pembe nane hizo hizo utazikuta Baitul Maqdis, kwenye Qubbatu Sakhra, jengo lililokamilika mwaka 72 wa Hijria.

Hapa Lamu penyewe, Msikiti wa Pwani karibu na ngome unatajwa kuwa wa mwaka 1370. Nyumba za mawe zilizobaki nyingi ni za karne ya 18 na 19. Ukiingia ndani unakuta zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu kwa safu, na mafundi wakachora juu yake michoro inayojirudia. Vyumba navyo ni virefu na vyembamba, na si kwa siri yoyote: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, haivuki hapo. Umbo la chumba limetoka kwenye mti. Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia, na nyumba hizi ni sehemu kubwa ya sababu.

Siyu, kule kule Pate, watu walisifika kwa ufundi wa mbao na ngozi, na kwa kunakili misahafu kwa mkono, hasa katika karne ya 18 na 19. Mtafiti Zulfikar Hirji ameishughulikia misahafu hiyo kwa miaka mingi. Katika misahafu ya zamani, ya Siyu na ya kwingineko, mapambo yanayowekwa pembeni mwa ukurasa si urembo mtupu. Yanamwonyesha msomaji mgawanyo wa kisomo.

Na hapa ndipo nyota yetu inaporudi. Fungua msahafu unaosoma mwezi huu. Utaona pembeni au katikati ya mstari alama ya miraba miwili iliyopandana, nyota ya pembe nane. Hiyo ni alama ya robo ya hizbu. Qur'ani ina juzuu 30, kila juzuu hizbu 2, kila hizbu robo 4. Piga hesabu: hizbu 60, robo 240. Anayetaka kukhitimisha ndani ya mwezi asome robo nane kwa siku.

Subhanallah, robo nane kwa nyota ya pembe nane! Umeona, ndugu yangu? Umeona jinsi ilivyo rahisi? Sasa hivi tu ningeweza kukuundia siri nyingine na ungeipeleka barazani ukaisambaza. Kumbe alama ile kazi yake ni kukwambia umefika wapi.

MILANGO HUSEMA NINI?

Ukienda Zanzibar, waongozaji wa watalii watakueleza maana ya kila nakshi ya mlango. Samaki ni wingi wa riziki, wengine watasema ni uzazi. Mtende ni neema. Mnyororo ni ulinzi wa nyumba, na mwingine atakwambia hapana, mnyororo ni kwamba mwenye nyumba alikuwa na watumwa. Mlango mmoja, mnyororo mmoja, maana mbili zisizokutana. Mwaka 1924 Mwingereza mmoja, F. R. Barton, alichapisha makala kuhusu milango ya Zanzibar na asili ya nakshi zake, na tangu hapo waandishi hawajaacha kukisia. Wanaokisia ni wengi. Waliokaa na mafundi wakawauliza ni wachache.

Na jambo jingine, vijana wenzangu. Haya maumbo si mali yetu peke yetu. Ua la majani sita limechongwa kwenye makaburi ya Warumi kabla ya Uislamu. Nakshi za mayungiyungi zilivuka bahari kutoka Bara Hindi pamoja na mbao na nguo. Wapo vijana wakiona nyota ya pembe sita kwenye jengo la zamani hushtuka, wakasema hii ni alama ya Israel, ibomolewe! Bendera ile ilipitishwa mwaka 1948. Kaburi la mfalme Muislamu Humayun kule Delhi lilijengwa karne ya 16 na lina nyota za pembe sita waziwazi kwenye kuta zake. Fundi aliyegawa duara mara sita hakuwa akimfuata mtu. Alikuwa anafuata bikari.

Wahenga wetu wa elimu walilijua hili. Abul Wafa al-Buzjani, mwanahesabu mkubwa wa Baghdad aliyefariki mwaka 998, aliandika kitabu kizima juu ya jiometri inayohitajiwa na mafundi. Humo ameeleza kwamba mafundi walikuwa na njia za kukata miraba mitatu na kuiunganisha iwe mraba mmoja mkubwa. Baadhi ya njia hizo zilionekana sawa kabisa kwa jicho, lakini ukizipima kwa hesabu hazikuwa sawa. Basi akawaonyesha njia yenye dalili. Nilipolisoma hilo nilijikumbuka mwenyewe pale mlangoni. Nami nilikuwa nimekata kitu kinachopendeza kwa jicho, kisicho na dalili.

MAUMBO ALIYOYACHORA MTUME (S.A.W.)

Labda utauliza: kwani Uislamu hauna maana za kiroho katika maumbo? Ipo, tena nzuri kuliko zote za kwenye intaneti, na iko katika hadithi tulizosomeshwa.

Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Masud (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alichora mraba. Ndani yake, katikati, akachora mstari mrefu uliotokeza nje ya mraba. Kisha akachora vistari vidogo vidogo ubavuni mwa ule mstari wa katikati. Akawaeleza sahaba zake. Mstari ulio ndani ni mwanadamu. Mraba ni ajali yake, yaani muda wake wa kufa, umemzunguka pande zote. Sehemu iliyotokeza nje ni matumaini yake. Vile vistari ni misukosuko ya dunia, akikwepa hiki kitamuuma kile.

Uchore mchoro huo sasa hivi kwenye karatasi. Wewe uko ndani. Mipango yako, shahada unayosomea, nyumba utakayojenga, hija utakayokwenda ukishazeeka, toba utakayoleta Ramadhani ijayo, vyote viko kwenye ule mkia uliotoka nje ya mraba. Nakwambia kweli, mimi nimekaa chumbani kwangu chuoni nikauchora, na mkono ukasita pale mstari ulipokaribia kuuvuka mraba.

Na katika hadithi nyingine, ameipokea Imam Ahmad na wengineo, pia kutoka kwa Ibn Masud, Mtume (s.a.w.) alichora mstari ulionyooka akasema hiyo ndiyo njia ya Mwenyezi Mungu. Kisha akachora mistari kuliani na kushotoni mwake, akasema hizi ni njia nyingine na kila moja ina shetani anayeiitia. Kisha akaisoma aya ya 153 ya Suratul An'am.

Tazama tofauti. Mtume (s.a.w.) alichora, kisha akaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Umbo halikuachwa lijisemee. Maana ilikuja na Mtume na ikapokewa na sahaba, kwa sanadi. Umbo lisilo na maneno hayo hatuwezi kulibandika maneno yetu kisha tuyaite dini.

Hapo hapo niseme neno moja juu ya ile miraba ya namba inayoandikwa kwenye hirizi. Upo ule mraba wa vyumba tisa, namba 1 mpaka 9, na kila upande ukijumlisha unapata 15: safu ya juu 4, 9, 2, ya kati 3, 5, 7, ya chini 8, 1, 6. Jumlisha hata kwa mshazari. Unapendeza sana, na Wachina waliujua kabla yetu. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kuvaa hirizi yenye aya za Qur'ani, na mimi si wa kuwaamulia. Ila kuitakidi kwamba vyumba tisa vya namba ndivyo vinavyomlinda mtoto na homa ni jambo la kuogopwa. Kumi na tano ni kumi na tano. Anayelinda ni Mola wa hiyo kumi na tano.

DUARA KUBWA KULIKO ZOTE

Nilikuambia ukishike kile chumba kidogo cha Shanga. Sasa turudi.

Lamu iko kidogo tu kusini mwa ikweta, na Makka iko karibu juu yetu moja kwa moja ukitazama ramani. Kibla chetu ni kaskazini hasa, kimeinama kiasi cha nyuzi 2 au 3 tu kuelekea magharibi. Ndiyo maana katika Kiswahili cha pwani neno kibla limetumika pia kwa maana ya upande wa kaskazini. Baharia anayetafuta upande na mwenye kuswali wanatumia neno moja.

Ukitaka kuhakikisha kwa macho yako, njia ipo. Kila mwaka, tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua linakuwa juu ya Kaaba moja kwa moja. Tena tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27. Saa za Kenya na za Makka ni sawa, kwa hiyo huhitaji kubadilisha kitu. Simamisha fimbo wima uwanjani kwa timazi. Mstari unaotoka kwenye ncha ya kivuli kurudi kwenye fimbo ndio unaokuelekeza kibla. Wapelekeni watoto wa madrasa wafanye hivyo. Hiyo ni jiometri takatifu isiyo na shaka yoyote.

Sasa fikiri. Kaaba yenyewe jina lake limetokana na umbo lake, karibu na mchemraba. Wanaoswali pale Makka wamepanga safu za duara kuizunguka. Sisi huku Lamu, iwe Riyadha, iwe Msikiti wa Pwani, iwe kimsikiti kidogo cha shamba, safu yetu ni mstari ulionyooka, na imamu anatuhimiza tunyooshe, tujaze nafasi, bega kwa bega. Kumbe mstari wetu ni kipande kidogo sana cha duara lile lile, kubwa mno hata kikaonekana kimenyooka. Aliye Siyu, aliye Unguja, aliye Muscat, aliye London kwenye chumba cha kupanga, kila mmoja ana kipande chake. Nukta ya katikati ni moja.

Fikra hii ni yangu, sikuipokea kwa shekhe, kwa hiyo ichukue kama tafakuri ya kijana, usiinukuu kama dalili. Lakini amri ya kunyoosha safu si yangu, hiyo ni ya Mtume (s.a.w.). Watu wa Shanga waliifuata katika kile chumba cha miti kabla ya nyota yoyote kuchongwa katika visiwa hivi.

TUFANYE NINI BASI?

Mosi, tupange vizuri maneno yetu. Mbele ya mlango au mihrabu tutenganishe vitu vitatu. Kwanza, yaliyosemwa na Mwenyezi Mungu na Mtume wake, haya tunayasema kwa dalili. Pili, anayosema fundi juu ya kazi yake, haya tunamuuliza yeye. Tatu, yanayotujia moyoni tukitazama uzuri, haya ni tafakuri, tuyaseme kwa kuyaita tafakuri. Mimi siku ile nilivichanganya vyote vitatu kwenye sufuria moja, nikawapakulia watoto.

Pili, tuwaulize mafundi wangali hai. Wengi ni wazee. Vijana tunakimbilia kazi nyingine, na milango ya kale inaendelea kung'olewa kuuzwa kwa wageni. Mlango ukiondoka unaweza kupigwa picha. Mzee akiondoka na alichojua, hakuna picha ya kile. Kuuliza si ujinga.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuchukue somo la ile pembe iliyo juu karibu na dari. Mtihani usio na msimamizi, mizani ya dukani, swala ya usiku wasikokuona watu, mafuta uliyotumwa ununue na chenji uliyobaki nayo. Zote hizo ni pembe asizozitazama mtu.

Nimalizie kisa changu. Ijumaa iliyofuata nilirudi madrasa. Nikasimama mbele ya watoto wale wale, nikawaambia: yale niliyowaambia juu ya nyota na milango ya Pepo, sikuwa na elimu nayo, niliyasema ili nionekane najua, naomba mnisamehe. Walikaa kimya. Wengine wakacheka kidogo. Yule binti akanyoosha mkono akauliza: "Sasa mwalimu, ile sita ni nini?"

Nikatoa bikari mfukoni, nikamwambia aje achore mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atutakabalie swaumu zetu, atunyooshee safu zetu na nyoyo zetu, na atusamehe tuliyoyasema bila elimu. Ramadhan Mubarak kwenu nyote na kwa familia zenu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.